Asubuhi, Kabla ya Punje

Nilimnunua Dalcahue, nikamleta ndani ya kapu la viazi,
tembe wa wiki kumi na sita, rangi ya jivu la kuni mbichi,
na nilipomtoa nyumbani nikaona hana mkia.
Nikamgeuza. Kweli hana. Nikamgeuza tena,
kama mtu apekuaye mfuko wa koti alilokwisha kulipekua.

Siku tatu alisimama chini ya ngazi, shingo kaifupisha,
mvua ya Chiloé ikipiga mbao juu ya kichwa chake.
Undu wake haukuwa mwekundu. Ulikuwa
rangi ya fizi za mtoto.
Nikasema: huyu ananifia.
Nikamwita Hortensia Nahuelquén, wa ng'ambo ya uzio,
aliyezika kuku wengi kuliko miaka yangu
na kula wengi kuliko aliowazika.

Hakuja kumshika. Alikuja akakaa.
Akaomba kigoda, akaomba chai,
akamtazama kuku kwa pembe ya jicho
kama mdaiwa amtazamavyo mdai wake kanisani.
"Kuku ni mwongo," alisema. "Ukimkodolea atajikaza,
atajifanya mzima hadi siku ya kufa kwake.
Mwache adhani unanitazama mimi."

Tukazungumza bei ya kuni.
Tukazungumza kiwanda cha samaki kilichomwachisha kazi mwanawe Eliecer.
Kuku akachakura mara moja, akaacha. Akachakura tena,
akadonoa kitu, akakitema, akakidonoa upya.
"Aa," alisema Hortensia,
na hakunieleza hiyo "aa" ilikuwa ya nini.

Ndipo akamkamata, miguu katikati ya vidole,
akamlaza juu ya aproni kama donge la unga.
Jicho: kavu, rangi ya chungwa, limejaa matusi.
Pua akazibinya, hazikutoa kitu.
Akaweka sikio mgongoni pake, akafumba macho,
nami nikanyamaza hadi nikasikia
jiko likimeza gogo kule ndani.
Kisha kidari, kidole gumba juu ya mfupa:
"Ungekuwa makali ya kisu, ningesema minyoo.
Huu ni mgongo wa kijiko."
Akapuliza manyoya chini ya bawa, akitafuta utitiri,
akapuliza na nyuma, bila haya,
akaona pasafi, akasema pasafi.
Nyayo akazipangusa kwa mate yake mwenyewe.

"Na undu?"
"Bado mwali. Utaiva yai la kwanza likikaribia."
"Na mkia?"
Hapo alicheka hadi chai ikamwagika.
"Huyu kibutu, mama! Bibi yangu alifuga hawa hawa.
Hajapoteza kitu. Hakuwa nacho."

Wiki ile ile nilikuwa Castro, hospitalini,
mbele ya kijana aliyetazama kompyuta
akaniuliza umri, uzito, maumivu, moja hadi kumi.
Nikasema nne. Akaandika nne.
Mikono yake ilikuwa misafi sana; haikunifikia.
Ilikuwa saba.

Sikumwambia Hortensia. Nilikuwa nakusanya vikombe.
"Limebaki gole," alisema akijifunga skafu.
"Usiku litakuwa limejaa, hiyo si habari.
Liguse asubuhi, kabla hujampa punje.
Likiwa tupu, tumbo linafanya kazi yake.
Likiwa bado na donge, niite, hata kama kuna giza."
Akasimama mlangoni kidogo,
akiitazama mvua, au akijifanya anaitazama mvua.

Saa kumi na mbili, tochi mdomoni,
nikapenyeza mkono kizimbani.
Alinuna, akanidonoa kifundo, akaniachia.
Gole lilikuwa tupu, laini,
kama glavu ya mtoto iliyovuliwa.

Nilipoinuka, mkono mmoja ubavuni,
Hortensia alikwisha fika langoni
na kigoda chake mwenyewe,
akiuliza, bila kunitazama,
kuni zimepanda kiasi gani.